Mizani ya Karafuu na Macho ya Wasomaji

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Methali hii nimeisikia tangu nipo skuli na kwa miaka mingi sikuitilia shaka. Siku hizi nadhani waliyoitunga hawakuwa wachuuzi. Mvuvi wa Tumbe mwenye mnunuzi mmoja tu hana kitu cha kumponyoka, kwa sababu tangu hapo hakushika chochote. Mnunuzi akisema elfu mbili, ni elfu mbili. Akisema leo sitaki, samaki wanaoza. Mwenye wanunuzi watatu ndiye anayelala usingizi.

Nimeanza hivyo, ndugu msomaji, kwa sababu nataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaoandika tutakutana nalo, kama bado hatujakutana nalo: kuongeza kipato cha tovuti kwa kuunganisha mitandao kadhaa ya matangazo badala ya kutegemea mmoja. Namna ya kulifanya si siri, na nitaieleza kidogo. Suali langu hasa ni jengine. Nauliza kama ni haki. Wala sikusudii haki ya mahakamani. Nakusudia ile haki ambayo mtu humuuliza nayo nafsi yake wakati taa imezimwa na hakuna wa kumdanganya.

Tovuti yenyewe ni ndogo. Tuliianzisha Chake Chake, mie na mwenzangu tuliyesoma naye. Tukaweka saa za boti za Mkoani, hali ya bahari, nyakati za sala, na matokeo ya mpira wa Gombani. Pembeni kabisa, na huko ndiko zilikokuwa roho zetu, tukaweka hadithi na mashairi ya vijana wenzetu. Tusidanganyane: watu walikuja kwa ajili ya boti, mashairi waliyakuta njiani. Lakini waliyakuta, na wengine wakayasoma, na kwa mwandishi asiye na jina hilo si dogo.

Tulikuwa na mtandao mmoja wa matangazo. Mwezi wa kwanza tulipata dola 9, na mtandao wenyewe haukuwa ukituma fedha mpaka zifike dola 100. Kwa hesabu hiyo tungengoja karibu mwaka mzima kabla ya kushika chochote, na huku jina la tovuti linalipiwa, seva inalipiwa, vocha tunanunua. Mwenzangu, ambaye ndiye fundi wetu, akaniambia siku moja, "Yakhe, sisi tuna mnunuzi mmoja. Anatupangia bei atakavyo, na nafasi nyengine anaziacha tupu. Tutie wengine."

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Tuseme ukurasa wako umefunguliwa mara 1,000 na una nafasi moja ya tangazo. Mtandao wa kwanza pengine una matangazo ya kujaza mara 600 tu. Zile 400 zinabaki uwazi mtupu, kama chumba cha kupangisha kisicho na mpangaji. Ukiwa na mtandao wa pili, unazichukua hizo 400 ukampa yeye. Hii huitwa njia ya ngazi: unauliza wa juu kwanza, akikataa bei yako unashuka kwa wa pili, kisha wa tatu. Ila yule wa chini huenda angetoa bei kubwa zaidi, na hakuulizwa, kwa sababu wa juu keshachukua. Ndipo ikaja njia ya mnada, iliyoenea tangu kiasi cha mwaka 2015. Mitandao yote inaulizwa kwa mara moja wakati ukurasa unafunguka, kila mmoja anataja bei, na aliyetaja kubwa ndiye anayeweka tangazo lake. Mnada wote huo unamalizika kabla msomaji hajapepesa macho.

Tukaunganisha mitatu. Mwezi wa tatu tukapata dola 31. Walahi, tulifurahi. Si fedha za kujengea nyumba, lakini seva ilijilipa, na kwa mara ya kwanza tuliweza kumpa kijana mmoja wa Wete kitu kidogo kwa hadithi yake. Niliona kwa macho yangu namna alivyozipokea zile noti. Naomba msomaji alikumbuke hilo wakati nikifika kwenye mabaya, kwa sababu mabaya yenyewe yalitokana na fedha zile zile.

Aliyenielewa upesi kuliko watu wote ni babu yangu, mkulima wa karafuu. Simu ya kupangusa hajui hata kuiwasha. Lakini nilipomwambia kwamba mnunuzi mmoja hupanga bei na wanunuzi wengi hugombania bei, akacheka. "Hayo unanifundisha mie, mjukuu wangu?"

Kweli, nani wa kumfundisha Mpemba jambo hilo? Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja na Pemba ikanusurika, na tangu hapo karafuu za Zanzibar kwa sehemu kubwa zimekuwa ni karafuu za Pemba. Tangu hapo pia kila mtawala amekuwa na fikra juu ya nani azinunue. Mwaka 1937, wakati wa Waingereza, Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu, ile CGA iliyoundwa 1927, ilipewa peke yake haki ya kununua karafuu za kusafirishwa nje. Wafanyabiashara wa Kihindi wakakataa, India ikasusia karafuu zetu, na ikabidi yafanyike mapatano mwaka 1938. Baada ya Mapinduzi, mwaka 1968, likaanzishwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na kwa miongo mingi mkulima akawa na mizani moja ya kupeleka gunia lake. Indonesia, iliyokuwa mteja wetu mkubwa, ilipopanda mikarafuu yake mwenyewe, bei ya dunia ilianguka. Mkulima hakuwa na mlango mwengine wa halali. Ndiyo yakaja magendo: karafuu zikivushwa usiku kwa mashua kwenda upande wa Kenya, na askari kandokando ya pwani. Hali ilibadilika sana mwaka 2011, serikali ilipopandisha bei ya mkulima kwa kiasi kikubwa, na wengi wakaona hakuna tena haja ya kuhatarisha roho baharini.

Mie nimekulia katika mazungumzo hayo. Nimesikia barazani hoja ya mnunuzi mmoja, kwamba bila yeye madalali wangemnyonya mkulima mdogo, na kwamba fedha za karafuu zilijenga skuli na barabara. Si hoja ya kupuuzwa. Nimesikia na hoja ya pili: mti nimeupanda mimi, nimeupanda mimi kuchuma, nimevunjika mkono mimi, kwa nini bei asemee mwengine? Moyo wangu siku zote ulikuwa upande wa hoja ya pili. Kwa hivyo tulipounganisha ile mitandao mitatu nilijiona kama mkulima aliyepata soko. Hata nilijisifu.

Aliyenitoa usingizini ni shangazi yangu wa Micheweni.

Alikuwa na mjukuu mgonjwa, ameandikiwa kwenda Unguja, hospitali ya Mnazi Mmoja. Ilikuwa msimu wa kusi na boti ya siku ile iliahirishwa. Khabari hiyo tuliiweka kwenye tovuti tangu jioni, na niliiandika kwa mkono wangu. Shangazi alinunua bando la shilingi 500, akafungua ukurasa wetu. Likaanza tangazo la picha zinazotembea. Akalifunga, likaja la pili. Alipobonyeza alama ya kulifunga hilo, kumbe alama ni ya uongo, akapelekwa pahala pengine kabisa. Bando likaisha. Alichokiona ni ratiba ya kawaida iliyokuwa juu, na tangazo letu la kuahirishwa lilikuwa chini, limezibwa. Wakatoka alfajiri, Micheweni hadi Mkoani, yaani kisiwa kizima toka kaskazini mpaka kusini, na mtoto anatapika garini. Wakaikuta bandari kimya.

Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Aliniambia tu, "Mwanangu, ile kitu yako siku hizi imejaa watu."

Nikaenda kuifungua kwa simu ya mtu mwengine, kama msomaji. Sijawahi kufanya hivyo tangu tuunganishe mitandao. Mimi nilikuwa nikifungua ukurasa wa mapato. Chini kidogo ya saa ya magharibi kulikuwa na tangazo la kamari. Chini ya shairi la kijana juu ya mama yake marehemu kulikuwa na mtu anayetoa mikopo ya simu kwa dakika tano. Sikuyachagua mie, wala mwenzangu. Yalishinda mnada. Mtandao wa kwanza ulikuwa na masharti yake, unakataa baadhi ya mambo. Lakini mtandao ulio chini ya ngazi huishi kwa yale ambayo wa juu wameyakataa. Tulipojaza zile nafasi 400 zilizokuwa tupu hatukuuliza kwa nini zilikuwa tupu.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri upya, na naomba nifikiri mbele yenu.

Nilikuwa nikijifananisha na mkulima. Lakini mkulima huuza nini? Huuza karafuu, na karafuu ni zake. Mie nilikuwa nikiuza nini? Hadithi hazikuuzwa, zilikuwa bure. Saa za boti zilikuwa bure. Mtangazaji hakununua hata herufi moja kati ya tulizoandika. Alinunua jicho la shangazi yangu kwa dakika moja, na njia ya jicho hilo ililipiwa na shangazi mwenyewe kwa shilingi 500. Basi gunia ni lake yeye. Mie sikuwa mkulima. Nilikuwa kituo cha kununulia: nimekaa na mizani, napokea mali ya wengine, naipeleka kwenye soko ambalo wao hawalioni, na bei ninawapangia mimi. Nikajitafutia wanunuzi watatu ili nisinyonywe, na msomaji wangu nikamwacha na mnunuzi mmoja, ambaye ni mimi.

Na mali yenyewe haiuzwi kwa bei moja. Katika mnada ule jicho la Mpemba aliyeko Maskati au London huenda kwa bei kubwa kuliko jicho la Mpemba aliyeko Micheweni, hata wakisoma ukurasa ule ule saa ile ile, kwa sababu mtangazaji hutazama mfuko wa msomaji. Na ili apate kuutazama, lazima apewe khabari: simu ya aina gani, yuko mji gani, anasoma nini. Khabari hizo hupelekwa kwa wote walioalikwa kwenye mnada. Katika mnada wa karafuu aliyeshindwa huondoka mikono mitupu. Katika mnada huu aliyeshindwa naye huondoka na khabari za mwenye mali.

Basi na mimi niliyejiona mjanja, nilipata nini? Mwaka 2020 jumuiya ya watangazaji wa Uingereza, ISBA, pamoja na kampuni ya ukaguzi ya PwC, walifuatilia fedha za matangazo tangu kwa mtangazaji mpaka kwa mwenye tovuti. Waliona kwamba mwenye tovuti hufikiwa na kiasi cha asilimia 51 tu. Nyengine huliwa na madalali wa njiani, na asilimia 15 wakaguzi hawakuweza hata kusema imekwenda wapi. Hao ni wakaguzi wenye daftari! Tena, mitandao ni mingi kwa majina, lakini sehemu kubwa ya biashara hupita kwenye soko la mtu mmoja. Mwezi Aprili 2025 mahakama ya Marekani iliamua kwamba Google imeshikilia ukiritimba kinyume cha sheria katika soko la mnada wa matangazo na katika chombo ambacho wenye tovuti hukitumia kuyapanga. Kwa hivyo huenda tulikuwa na madalali watatu ambao jioni wote wanakutana mlango mmoja.

Najua nitajibiwa, kwa sababu mwenzangu alishanijibu, na hasira juu. "Yakhe, watu wanapata saa za boti bure. Hakuna aliyewalazimisha kufungua. Gazeti pia lina matangazo, redio ina matangazo. Na yule kijana wa Wete tungemlipa kwa nini, kwa dua?"

Ni hoja nzuri na sikuweza kuivunja yote. Ni kweli kwamba tangazo si dhambi. Ni kweli pia kwamba fedha za wanunuzi wengi zilimlipa mwandishi ambaye mnunuzi mmoja asingemlipa, na mwandishi anayetegemea mnunuzi mmoja ni mtumwa wake, hata kama mnunuzi huyo ni mwema. Mtandao ule mmoja ungetufungia hesabu kesho, tovuti ingekufa kesho. Kwa hivyo siwezi kusema turudi kwa mmoja. Lakini tangazo la gazeti halimtoi msomaji fedha mfukoni wakati analitazama. Tena msomaji wa gazeti anajua bei aliyolipa. Maneno "hakuna aliyewalazimisha" mkulima wa karafuu ameambiwa mara nyingi: kama hutaki bei yetu, usilete. Alete wapi? Saa za boti za Mkoani shangazi angezitafuta wapi?

Hukumu yangu ni hii, na kila mmoja anaweza kuipinga. Kuwa na wanunuzi wengi si kosa, na kwa mnyonge ni kinga. Kosa ni kudai kwa ajili yako haki ambayo humpi aliye chini yako. Kama nataka mnunuzi anioneshe mizani, lazima na mie mizani yangu ioneshwe. Kama nataka uwezo wa kukataa bei, lazima msomaji wangu awe na uwezo wa kukataa asipoteze boti.

Tulibishana wiki nzima, na siku mbili hatukusemeshana. Mwisho tulifanya yafuatayo, na nayaandika kwa sababu nisingependa kuacha maneno matupu. Mtandao wa tatu tuliutoa. Katika miwili iliyobaki tulizuia kamari na mikopo, kwani mitandao mingi huruhusu jambo hilo, ila lazima mtu akae na kulitafuta. Ukurasa wa boti na wa sala tukauacha bila tangazo lolote, ukawa mwepesi, hata bando la mwisho linaufungua. Faili la ads.txt, lililobuniwa mwaka 2017 ili mwenye tovuti atangaze hadharani nani ana ruhusa ya kuuza nafasi zake, tukaliweka sawa, na chini ya kila ukurasa tukaandika kwa Kiswahili cha kawaida: tovuti hii huishi kwa matangazo, wanaoyaleta ni hawa, na khabari zako wanazoziona ni hizi. Kisha tukatembea kwa miguu, duka kwa duka, Chake na Wete, kutafuta watangazaji wa hapa hapa. Tulipata wawili: fundi wa simu na muuza vitambaa. Fundi wa simu hulipa kwa kuchelewa.

Mwezi uliofuata tulipata dola 17. Baadae zikapanda kidogo, zikashuka tena. Kijana wa Wete alileta hadithi ya pili, nzuri kuliko ya kwanza, na tulimlipa nusu ya tulichomlipa mwanzo. Nilimweleza sababu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, kaka," akazikunja noti. Sijui kama alikubaliana nami au aliona haya kunipinga. Kwa hivyo sidai kwamba nimefanya haki na kila mtu akafurahi. Nimeitoa haki ya shangazi yangu katika mfuko wa mwandishi mwenzangu, na mwandishi huyo naye ana shangazi yake.

Nilimsimulia babu yote haya, tumekaa uwanjani, makonyo yameanikwa upande mmoja na karafuu upande wa pili. Niliuliza kama zamani, wakati wa bei mbaya, kulikuwa na mpimaji aliyependwa na watu. Akasema yuko mmoja. Bei yake ilikuwa ile ile ya wenzake, hakuwa na uwezo wa kuiongeza hata senti. Basi alikuwa na nini? Babu akasema, "Akiigeuza mizani ikitazama kwetu."

Nimerudi mjini na maneno hayo. Kila nikifungua ukurasa wa mapato siku hizi, naufungua na ule wa msomaji kwanza, kwa simu ya bei rahisi, kwa bando la shilingi 500. Wewe unayesoma hapa na una nia ya kufungua tovuti yako, unganisha mitandao miwili, mitatu, hata minne ukiweza, usikubali kuwa mtumwa wa mmoja. Lakini kabla hujahesabu dola, kaa upande wa pili wa mizani yako utazame inasoma nini.